Neema, wanalitaka daftari la mtaa

Morogoro,
Jumapili usiku, 22 Juni 2025

Neema shoga yangu,

Salamu kwanza. Natumai wewe na Baba Kelvin na watoto hamjambo, na mama kule Ukerewe mguu umepata nafuu. Sisi huku mji kasoro bahari tuko salama, ila ubaridi wa Juni umeshuka kutoka Uluguru na nyumba nzima inakohoa. Idd imepita sijakupigia, harusi ya mdogo wake Tatu nimeishia kuiona kwenye grupu, na ule ujumbe wako mrefu wa sauti niliusikiliza ndani ya treni nikasema nikishuka tu najibu. Nilipofika nyumbani nikakuta watu wamejipanga kibarazani wanasubiri barua. Usiku ukaingia hivyo hivyo.

Leo watoto wamelala mapema, Baba Imani anasahihisha mitihani, simu nimeizima. Nakuandikia kwa urefu kwa kuwa nina jambo, na nina ombi, na ombi lenyewe si dogo.

Nimeikataa ile kazi ya Dar.

Ndiyo, ile ile niliyokudokeza Februari, ya wakopeshaji wa kwenye simu. Jina lao silitaji humu. Walitaka mshauri wa kuwapangia mfumo wa kupima nani anakopesheka na nani hakopesheki: biashara yake, alivyolipa mkopo uliopita, anaweka salio kila siku au mara moja kwa wiki, mambo hayo. Kazi ya miezi sita. Siku mbili kwa wiki niwe Dar, zilizobaki nifanyie hapa hapa nyumbani. Leseni ya Benki Kuu wanayo, hilo nililitazama kabla ya jingine lolote, maana unakumbuka Novemba mwaka jana BoT walivyozianika zile aplikesheni 69 zilizokuwa zinakopesha bila kibali. Hawa hawakuwemo. Ofisi safi, vijana wanaojua kazi, malipo ya kulipa ada za mwaka mzima na kumalizia ukuta wa nyuma. Mimi na Gasper, mwenzangu wa kazi, tulishaanza kugawana majukumu.

Basi siku ya kuweka sahihi, tumekaa pale Posta ghorofani, chai imeletwa, kijana wao wa masoko akaniuliza, "Dada, wewe si ni mwenyekiti wa mtaa?" Nikamwambia ndiyo, tangu uchaguzi wa Novemba. Akafurahi sana. Akasogeza kiti. Akasema wao wanateseka kununua taarifa za watu ambazo nusu yake ni za uongo, na kumbe kila mtaa una daftari la wakazi: jina, nyumba, kazi, simu. Tuanze na mtaa wako kama wa majaribio, akasema, halafu utuunganishe na wenyeviti wenzako, kila daftari na bahasha yake.

Alilisema mezani, Neema, mbele ya mkuu wake, kwa heshima zote, kama mtu anayeomba chumvi.

Nikamjibu daftari si langu. Akaniangalia kwa mshangao wa kweli kabisa. "Lakini si unalo wewe?"

Nikafunga laptopu. Nikawashukuru kwa chai. Nikawaambia mkataba wenye jambo hilo ndani yake au pembeni yake mimi siutii sahihi. Mkuu wao akajaribu kulainisha, eti hilo lilikuwa wazo tu, tuliache. Haliachiki. Mtu akishakuonyesha anakutaka kwa ajili ya nini, kila utakachomtengenezea utajiuliza anakipeleka wapi. Nikapanda treni ya mchana.

Ulilishika lile daftari ulipokuja Desemba, unalikumbuka? Kaunta buku lenye jalada jeusi, mgongo umebandikwa selotepu mpaka haufungi sawasawa. Mistari ilichorwa kwa rula na Mtendaji aliyepita: mkuu wa kaya, namba ya nyumba, idadi ya watu, kazi, simu, mpangaji au mwenye nyumba. Simu zimekatwa na kuandikwa upya, nyingine zimebananishwa pembeni kwa wino mwekundu. Ila kinachonigusa mimi ni yale maneno madogo ya penseli. "Mjane." "Anatumia dawa, usiulize mbele za watu." "Mume yuko gereza la Segerea." "Kahama, kamwacha mtoto kwa bibi." Waliyaandika wenyeviti na watendaji kwa miaka, ili msaada ukija wajue wapi waanzie, na ili asije mtu akamuumbua mwenzake kwa kutojua. Hayo ndiyo kijana wa Posta anayaita taarifa.

Na watu wanayatoaje? Hapo ndipo ninapotaka unielewe. Hakuna aliyeulizwa kama anapenda kuandikwa. Mtu anataka namba ya NIDA, anaambiwa lete barua ya serikali ya mtaa. Anafungua akaunti benki, barua ya mtaa. Anataka kumdhamini mdogo wake polisi, barua ya mtaa. Pasipoti, mkopo wa kikundi, mtoto wa chuo, kote muhuri wangu. Anakuja ana haraka zake, namuuliza jina, nyumba, simu, unafanya kazi gani, na ananijibu yote kwa sababu bila muhuri mambo yake hayaendi. Mteja wetu wa kawaida anaweza kusoma masharti akakataa. Huyu hana pa kukatalia. Kwa hiyo kitu nilichopewa hivyo, nitakigeuzaje bidhaa?

Nikwambie na la mama wa mboga, yule wa nyumba ya kona, aliyekuchumia mchicha ukamlazimisha achukue hela. Alikuwa na kikundi chao, walikopa zile fedha za halmashauri, asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, kwenye ile asilimia 4 ya wanawake, wakarejesha vizuri. Aprili 2023 mikopo ikasimamishwa nchi nzima. Wakakaa wanasubiri, na mtaji wa mboga hausubiri. Akaingia kausha damu, ile mikopo ya mtaani ya riba kubwa, akatoka huko akaingia kwenye aplikesheni, mkopo wa kulipia mkopo. Alipoweka ile programu ikamuomba ruhusa ya kusoma majina ya kwenye simu, akabonyeza kubali, nani asomaye maneno yale? Alipochelewa kulipa, wakawaandikia watu wote waliomo kwenye simu yake. Kiongozi wake wa kwaya. Wifi yake. Mwalimu wa mtoto. Na mimi, kwa kuwa namba ya mwenyekiti anayo kila mtu. Niliupokea ule ujumbe niko kwenye kikao cha mtandaoni na wateja wa Kigali, unamtaja jina kamili na kumwita tapeli. Nikaendelea kueleza jedwali langu, lakini sauti ilinitoka nyembamba.

Mpaka leo hajarudi kwenye meza yake Soko la Chifu Kingalu. Anauzia kibarazani. Alikuja ofisini akaniuliza, "Mwenyekiti, hawa namba za watu wangu wamezitoa wapi?" Nikamweleza, akalia, si kwa deni, kwa yule mwalimu. Sasa hebu nifikirie mimi niliyemweleza hayo, halafu jina lake nilichukue kwenye daftari nilipeleke Posta.

Gasper amenuna. Sijamlaumu, kodi ya chumba chetu cha Msamvu ni yake pia, na mkewe anakaribia kujifungua. Neno lake moja limenikaa kooni: "Ukikataa wewe, watalipata kwa mwingine." Nimeligeuza kila upande. Inawezekana. Wenyeviti tuko wengi, mshahara hatuna, posho yenyewe ikija ni ya nauli na vocha. Mtu ana mgonjwa nyumbani, analetewa bahasha kwa kitu anachokiona ni karatasi tu. Simhukumu kabla sijamwona. Lakini hilo ni jambo la kuwaeleza wenzangu, na tayari nimeomba nafasi kwenye kikao cha kata nizungumze. Nitakwenda na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, ile ya 2022 iliyoanza kutumika Mei 2023. Nimeisoma yote, nyingi nikiwa kwenye treni. Ni sheria nzuri, Neema, ina mambo ambayo bibi yangu angeyaelewa: ulichokichukua kwa kazi hii usikipeleke kwenye kazi ile, chukua kinachohitajika tu, kitunze, na mwenye nacho ana haki ya kukuuliza unacho nini changu. Wengi wetu hatujawahi kuelezwa kama ipo.

Sasa linaloninyima usingizi, na ndilo ombi langu.

Unajua mpango wangu wa kuliingiza daftari kwenye kompyuta. Kamati imeukubali, Mtendaji anausubiri kwa hamu kuliko mimi. Na sababu zake zipo. Masika mtaro ulipojaa usiku ule, nilisimama na tochi ya simu napekua kurasa kutafuta ni nyumba zipi zina wazee wasioweza kutembea. Kurasa mbili zimelowa, majina hayasomeki. Bibi wa nyumba ya bati jekundu tulimfikia maji yakiwa kwenye kitanda. Ningekuwa na orodha safi tungeanza kwake. Tangu siku ile nimeapa daftari hili litaingia kwenye mfumo, na mfumo nitaujenga mimi mwenyewe bila kumdai mtu shilingi.

Lakini kuiba lile kaunta buku lazima ulibebe kwapani, na mtaa mzima utakuuliza unakwenda nalo wapi. Faili linatoka kwenye flashi wakati watu wanapiga soga mlangoni, na hakuna atakayejua. Kijana wa Posta kaniuliza "si unalo wewe?" mwaka huu ambao ni karatasi. Mwakani litakapokuwa safi, limepangwa, linatafutika, hatauliza, atakuja na bei. Na mimi kipindi changu kinaisha 2029. Baada yangu atakaa nani kwenye kile kiti? Namtakia heri, lakini simjui. Ninachojenga leo kwa nia njema ndicho nitakachomkabidhi yeye.

Kwa hiyo nataka mfumo unaoweza kumzuia mwenyekiti. Nikiwemo mimi. Na hapo ndipo ujuzi wangu unapogota, maana mimi maisha yangu nimejenga mifumo ya kumwonyesha bosi kila kitu kwa bonyezo moja. Wewe ndiye uliyekaa miaka yote hiyo na mafaili ya wagonjwa, unajua namna ya kumfungulia mtu mlango mmoja na kumfungia mingine. Nimechora hivi: majina na nyumba yakae mahali pake, simu zikae pengine, na kuziunganisha kuhitaji neno la siri langu na la Mtendaji kwa pamoja. Ujumbe wa kuita mkutano uondoke bila anayeutuma kuiona orodha. Kusiwe na namna ya kupakua orodha nzima. Kila atakayefungua kaya ya mtu abaki na alama, jina lake na saa, na alama hizo zisomwe kwenye mkutano mkuu wa wakazi kama tunavyosoma mapato na matumizi. Hili la mwisho Mtendaji kalikunjia uso, mimi ndilo ninalolipenda kuliko yote. Watu wasikie: mwezi huu mwenyekiti kafungua kurasa kadhaa, hizi hapa, na sababu yake hii.

Maneno ya penseli siyaingizi. Hilo nimeshaamua. Nitakaa na wajumbe wa kamati, tutayasoma, yale ya wazee na wasiojiweza tutayaandika upya kwa idhini yao wenyewe, mengine yatabaki kwenye karatasi kabatini. Au unaonaje? Kuna wakati nafikiri hata yale ya kabatini yachomwe, kisha nakumbuka yule mama wa dawa ambaye bila neno lile la penseli ningemuuliza hadharani.

Ombi ndilo hilo: njoo. Wiki moja, mwezi wa nane watoto wako wakiwa wameingia madarasani. Ukishuka Dar kwa ndege, SGR mpaka kwangu haifiki saa mbili na nauli ya daraja la kawaida ni elfu 13, nitakulipia. Ulale kwangu, ule kwangu, tukae na mchoro huu uupasue vipande. Ukishindwa kuja nitakutumia, lakini nataka macho yako yawe kwenye ofisi yenyewe, uone meza ilivyo, uone nani anaingia na nani anakaa kiti cha nyuma yangu wakati naandika.

La pili: chukua ile SACCOS ya walimu. Kabisa, na malipo yake yaje kwako. Wanahitaji mtu wa kuwajibu mwisho wa mwezi wanapofunga hesabu, na mwisho wa mwezi ndipo na mimi nina kikao cha kamati na foleni ya barua. Ni watu wazuri, mweka hazina wao anapiga simu kwa adabu na anaandika tatizo lake lilivyo, wateja wa namna hiyo siku hizi wako wapi? Nimepunguza kazi, ndiyo. Nimebakiza za Kigali na ile ya wauza pembejeo. Baba Imani tumekaa tukapiga hesabu, ukuta wa nyuma utangoja. Alichosema ni kwamba anachoka kuwaambia watu "mwenyekiti yuko kikaoni" wakati mwenyekiti yuko chumbani anaongea Kiingereza na kompyuta. Mzee wa mbuzi hata haamini tena, anakaa chini ya mwembe mpaka nitoke. Kesi ya mbuzi bado, usiniulize. Sasa wameongezeka na bata.

Halafu kuna hili la fomu. Wananisukuma nichukue fomu ya udiwani, mama mkwe ndiye kinara, kashanichagulia na kitenge cha kuchukulia fomu. Nimewaambia hapana. Diwani anakaa kwenye baraza linalopitisha bajeti ya manispaa na kusimamia zabuni zake, na mimi na Gasper tunaishi kwa watu wanaoomba zabuni hizo. Nitanyanyua mkono asubuhi kupitisha kitu, jioni nitume ankara? Ingebidi nichague, na nikichagua udiwani leo, daftari nitamwachia nani likiwa nusu karatasi nusu kompyuta? Dada zetu wa chama wanasema nafasi hairudi. Itarudi au haitarudi, mimi hiki ndicho nilichoombea kura, nilisimama kwenye uwanja wa shule nikasema nitaweka mambo ya ofisi sawa. Watu walikuja kwenye foleni na jua lile.

Lakini niseme ukweli, kuna siku namuonea wivu yule mimi wa Kijitonyama, tunakesha maabara na chipsi kavu, tatizo letu kubwa ni programu isiyotaka kufunguka. Wewe hukumbuki? Ulikuwa unasema ukimaliza chuo hutaki kuona binadamu, unataka seva tu.

Haya niambie na ya kwako. Je, ile nafasi ya mkuu wa kitengo wamekupa au bado wanazungusha? Kelvin ameanza kusoma, au bado anatafuna vitabu? Tatu mbona hajibu, amekasirika kwa harusi au simu yake imeibiwa tena? Kwenu hospitalini mlifanyaje kuwashawishi wakubwa wakubali kuachia yale maneno ya siri ya kufungua kila kitu? Walikasirika? Na mtu aliyekuwa akifungua faili la jirani yake kwa udadisi tu, mlimfanyaje, mlimfukuza au mlimwonya? Maana hapa kwangu udadisi utakuwa mwingi kuliko wizi, mtaa mzima tunajuana. Na mwisho, niambie bila kunionea huruma: yale ya penseli wewe ungeyachoma?

Nijibu kwa barua pepe, si kwenye grupu. Habari za Posta bado hawazijui zaidi ya Gasper na Baba Imani, na sitaki mtu aanze kukisia ni kampuni gani.

Wasalimie wote, mama umwambie nitampigia Jumamosi.

Wako,
Mama Imani

Nyongeza: ukija, dagaa wa Mwanza usisahau. Wale wa hapa sokoni wamejaa mchanga. Na uje na koti, wenzako wa ziwani mnadhani Morogoro ni joto mwaka mzima.